Skuta Iliyokaribishwa Kama Mgeni

Mara ya kwanza niliposhika jeti ya kabureta nilidhani ni skrubu tu iliyochongwa vizuri. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyumbani kwangu Kitengela, skuta imeegemea ukuta wa jikoni, sahani ya plastiki imejaa vipande nilivyovifungua. Nilikiinua kile kipande cha shaba kuelekea dirishani, ndipo nikaona kina tundu katikati. Mimi ni fundi wa nguo. Kutwa nashinda na matundu ya sindano, na sikuwahi kuona tundu dogo kama lile. Sindano yangu nyembamba kuliko zote iligoma kupita. Na bado hapo ndipo yalipokuwa yanapita mafuta ya kunitoa Kitengela hadi Isinya, hadi Kajiado, hadi kwa mama mkwe wangu, mimi na unga na sukari na viazi. Nilikaa nacho mkononi mpaka chai yangu ikapoa.

Nilikuwa nafungua mwenyewe kwa sababu ya hasira. Mafundi wa Kitengela wamezoea pikipiki za boda, na kila nilipowapelekea skuta yangu waliitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Mmoja aliuliza kama huwa naichaji. Nikaona afadhali nitafute bisibisi. Mtu aliyewahi kufungua cherehani na kuirudisha ikashona hawezi kuogopa kabureta, nikajiambia, na hapo nilikuwa najidanganya kidogo, lakini ni uongo uliotusaidia.

Skuta hiyo ilikuwa inanipeleka kwa mama mkwe kila Jumamosi. Yeye anakaa mbele ya Kajiado, ndani kabisa, mahali ambapo ukishaacha lami unafuata njia ya ng'ombe, unavuka korongo la mchanga, halafu unapanda kwenye mawe mpaka uone paa lake la mabati. Mume wangu anafanya kazi Namanga, kwenye ofisi moja ya kupitisha mizigo mpakani, na nyumbani anafika mwisho wa mwezi. Kwa hivyo mama yake ni wangu. Mimi ni Mkamba. Siku nilipoletwa kama bibi harusi niliambiwa nisimame langoni nikatae kuingia mpaka niahidiwe mnyama, na mama mkwe ndiye aliyekuja akanipa ng'ombe. Tangu siku hiyo hatuitani kwa majina. Yeye ananiita Pakiteng na mimi namwita Pakiteng, maana yake kwa Kimaasai ni mtu wa ng'ombe tuliyepeana. Nililia langoni pale, na wakadhani ni desturi ya kwetu.

Ng'ombe huyo alimchagua kwa kumpapasa. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameshafunikwa na ukungu kabla hatujafahamiana, mtoto wa jicho pande zote mbili, na alichokuwa anaona ni mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayeziba mwanga huo. Uso wangu hakuwahi kuuona. Alinijua kwa kiganja chake juu ya kichwa changu ninapoinama kumsalimia, na kwa sauti ya skuta. Watu wa boma walinisimulia kwamba alikuwa anasema "Pakiteng amefika korongo" wakati wao hawasikii chochote ila upepo, na anaweka chai jikoni, na chai ikianza kuchemka mimi natokea. Kuna mtu alikuwa ananisikiliza kutoka mbali hivyo.

Zamani kidogo niliwahi kuishiwa mafuta kwake. Nikasukuma skuta mpaka lami jua likiwa la utosi, na yeye akasimama langoni akisikiliza magurudumu yakikwaruza mawe bila injini. Ilimuuma. Katika boma lake mgeni haondoki bila kunywa kitu. Awe ni mchungaji, awe ni karani wa kuhesabu watu, atakunywa maziwa au atakunywa chai, na akikataa kutakuwa na maneno. Sasa mimi nilikunywa, lakini kilichonileta kiliondoka na kiu. Basi akaanza kumtuma jirani anayekwenda sokoni Kajiado amletee petroli, akawa anaiweka kwenye jerikeni mahali pa baridi, mbali na moto. Kila Jumamosi kabla sijaondoka anatoka nayo mwenyewe, anapapasa tangi, anasema, "Kuja hapa, wewe pia unywe." Mimi nashika faneli, yeye anamimina. Nilikuwa nacheka kila mara.

Halafu zikaja habari za madaktari wa macho. Wangekaa hospitalini Kajiado kwa wiki moja na kupasua watu wengi kadiri watakavyoweza, kisha waende zao kaunti nyingine. Nilimsihi aende. Alikuwa amekataa mara nyingi huko nyuma. Gari linamtapisha, anashuka akiwa mgonjwa kuliko alivyopanda. Boda hapandi, kwa sababu vijana wa boda wa upande ule ni rika la wakwe zake waliooa binti zake, na mama mtu mzima hawezi kumkumbatia kiuno mtu wa rika hilo, hata kama anapelekwa hospitali. Alilieleza jambo hili kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwamba maji hayapandi mlima. Ilibaki skuta yangu, yenye pa kuweka miguu vizuri, na kiuno changu.

Alifikiri kwa muda mrefu, akakubali. Lakini akaweka sharti.

"Nitapanda. Lakini kama hiyo kitu yako itazima njiani na mimi niko juu, tunarudi. Hapo nitajua Enkai amesema macho ikae vile iko."

Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hawezi kukaa anashughulika na skuta. Akaniambia mimi sijui Mungu anashughulika na nini.

Sasa shida ilikuwa hii. Skuta ilikuwa imeanza kuzima. Si wakati wote, na hilo ndilo lililonichanganya. Nikikunja mkono wa mafuta inakimbia barabara ya Namanga bila neno, malori ya simiti yananipita na mimi nayapita. Lakini nikiachilia mafuta, kwenye matuta, au mbuzi wakivuka, inakohoa mara mbili na kunyamaza. Na mwanamke asiyeona, aliyekaa upande na shuka zake, habebwi kwa kasi. Ungembeba polepole kuliko mayai. Kwenye korongo lile ingebidi injini ipumue taratibu kabisa, na taratibu ndiyo iliyokuwa haiwezi.

Nilianza na plagi, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Niliifungua, ilikuwa kavu na ya rangi ya biskuti, na nilipoigusisha kwenye chuma na kupiga stata ilitoa cheche ya buluu iliyonifurahisha kuliko inavyofaa. Hiyo haikuwa na kosa. Nikatazama kifuniko cha tangi, kwa sababu nacho kina kitundu cha hewa, na kikiziba mafuta yanakataa kushuka. Kilikuwa wazi. Nikachomoa bomba, mafuta yalikuwa yanakuja. Ndipo nikafika kwenye kabureta yenyewe, siku ile ya sahani ya plastiki, na nilipofungua kibakuli chake cha chini nikakuta vumbi jeusi limetulia, laini kama wanja.

Ziko jeti mbili mle ndani. Kubwa ni ya mbio. Ndogo, ile niliyoinua dirishani, ni ya injini ikiwa imetulia, inaponguruma polepole tu ili isife. Niliipuliza ikakataa kupitisha pumzi. Nikaiosha kwa petroli na kupuliza tena mpaka masikio yakaniuma, na mara hewa ikapita ikitoa mlio mwembamba. Nikairudisha, nikawasha, na skuta ikasimama pale jikoni ikinguruma taratibu bila mimi kuigusa. Nilistaajabu kweli. Yaani kitu kizito namna ile, chenye uwezo wa kubeba watu wawili na magunia, uhai wake wa utulivu ulikuwa umezuiwa na punje ambayo nisingeihisi ikiniingia ndani ya jicho.

Jumamosi iliyofuata ilienda vizuri na kurudi ikizima. Nikafungua, vumbi jeusi lile lile. Nikaenda kituo cha mafuta kumgombeza msichana wa pampu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua chupa ya soda, akanimiminia kidogo, akaishika juani. Mafuta yalikuwa safi. "Mathe, vumbi ni ya kwako," akasema, na nikaondoka bila kupata wa kugombana naye.

Fundi mmoja ambaye hakunicheka ndiye aliyeniambia niangalie bomba la mpira. Mpira wa zamani, alisema, huoza kwa ndani na kutoa masizi. Nilipolipasua bomba langu kwa wembe lilikuwa kweli limechakaa, likaacha alama nyeusi kwenye vidole. Nilifurahi kama aliyekamata mwizi. Nikaweka bomba jipya na chujio jipya, nikasafisha tangi na kila kitundu, nikaenda mpaka Isinya na kurudi nikisimama makusudi kwenye kila tuta. Haikukohoa hata mara moja. Usiku nikampigia mume wangu Namanga nikamwambia mama yake ataona.

Siku yenyewe nilifika mapema. Alikuwa ameoga, amevaa shuka mpya na shanga zake nzuri, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba mikono juu ya magoti. Niliinama, akaniwekea kiganja kichwani. Hakukiondoa upesi kama kawaida yake. Mtu ambaye alikuwa amejizoeza giza, akapanga maisha yake yote ndani yake, alikuwa anaogopa, na mimi nikaogopa kwa ajili yake. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na jerikeni.

"Leo inywe sana," akasema. "Leo inabeba mimi."

Tukainywesha sana.

Mwanzoni ilienda vizuri mno. Nilimhisi nyuma yangu amenishika kiuno kwa mikono miwili, shavu lake mgongoni, na nikaendesha kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Tuliteremka kwenye mawe. Tulipofika kwenye mteremko wa korongo nikaachilia mafuta, kama inavyopasa, ili tuingie mchangani polepole. Ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Pakiteng alishuka mwenyewe, akapapasa ukingo wa korongo mpaka akapata jiwe, akaketi.

"Basi," akasema. "Imesema. Turudi nyumbani."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililonivunja. Sikuweza kubishana na Mungu wake. Nikamwambia tu, "Pakiteng, hata kurudi ni lazima iwake. Nipe nafasi niifungue." Akasema sawa. Nikatandaza leso juu ya mchanga, nikatoa bisibisi, nikafungua kibakuli mikono ikiteleza, na ndani, pamoja na bomba jipya, pamoja na chujio jipya na tangi nililolisugua mwenyewe, lilikuwepo vumbi jeusi. Nikatukana, kwa Kikamba, ili asielewe.

"Umeona nini?"

"Uchafu tu. Uchafu mweusi. Sijui unatoka wapi."

"Lete."

Nilimwagia kidogo kwenye kiganja chake. Petroli ikakauka juani mara moja, ukabaki unga. Akausugua kati ya vidole viwili, polepole, jinsi ninavyosugua kitambaa kujua kama ni pamba. Akaupeleka puani. Kisha akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Hii ni oloirien," akasema.

Oloirien ni mti mgumu wenye harufu nzuri, na kuni zake ndizo wanazosafishia vibuyu vya maziwa. Kijiti kinachomwa mpaka kiwe kaa, kinasuguliwa ndani ya kibuyu, masizi yanashika kuta, na maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi na yanapata ladha ambayo ukiizoea maziwa mengine yanakuwa kama maji. Mgeni wa heshima hupewa ya kibuyu kilichosafishwa vizuri. Nilikuwa nimekunywa maziwa hayo kila Jumamosi tangu niolewe.

"Wewe unasafisha jerikeni na mkaa?" nikamuuliza.

"Ningeweka chakula ya mgeni kwa chombo chafu?" Alishangazwa na swali. "Ya moto siwezi, plastiki itayeyuka. Nilisaga ile imepoa, nikasugua ndani na brashi ya mkia ya ng'ombe. Kila wiki kabla jirani ajaze. Hiyo jerikeni ni safi kuliko ya maziwa."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Maziwa yana mafuta, yanaushika mkaa pale ukutani. Petroli inauosha wote, inaubeba laini kama ulivyo, inapita nao kwenye chujio la skuta, mpaka kwenye tundu ambalo sindano yangu haipiti. Wiki baada ya wiki alikuwa anaiheshimu skuta yangu mpaka inakosa pumzi. Na mimi niliyekuwa naitafuta shida Kitengela, kwa mafundi na wauza mafuta, nilikuwa naibeba kutoka kwenye lango nilikopendwa zaidi duniani. Sikujua kama nicheke au nifanye nini. Nilimtazama, kiganja bado kimefunguka, cheusi, na nikasubiri naye afahamu.

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Kumbe si Enkai," akasema, akicheka mpaka shanga zikalia. "Kumbe ni mimi. Mimi ndio nainyima pumzi, na naweka makosa kwa Mungu."

"Kwa hivyo hajakataa?"

"Yeye hata hakuwa ameulizwa." Akajipangusa kiganja kwenye mchanga, na uso wake ukawa mzito ghafla. "Fanya haraka. Hao madaktari hawatangoja mimi."

Tundu lile dogo lilikuwa limeziba vibaya. Nilipuliza na halikukubali, na waya siwezi kuingiza, waya huchubua shaba na kuharibu kipimo. Nilipomweleza alifungua mkoba wake, akatoa kikopo cha bati, na humo mlikuwa na nyuzi za kushonea shanga, zile ngumu za nailoni, nyembamba kabisa, zimekunjwa kwa mpangilio. Alikuwa ameacha kushona tangu macho yalipofunga.

"Nyuzi ziko," akasema. "Macho ndio haiko."

Uzi ukapita. Uliingia kwenye lile tundu na kutokea upande wa pili kana kwamba vilitengenezwa pamoja, na kaa la oloirien likaanguka kama chembe ya unga. Nikamwaga mafuta yote ya tangini kwenye mchanga isipokuwa yale niliyoyachuja kwa leso iliyokunjwa mara nne, yakatosha. Skuta ikawaka. Nikaiacha ingurume yenyewe, taratibu, na yeye akainamisha kichwa kuisikiliza, kisha akainua mkono ili nimwongoze kwenye kiti. Tulivuka korongo kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Walimpasua jicho moja alasiri ile ile. Kesho yake asubuhi wagonjwa walikuwa wameketishwa kwenye viti vya plastiki kwenye ukumbi wa hospitali, wazee wa kiume na wa kike, kila mmoja na bandeji, na sisi tuliowaleta tukaambiwa tusimame ukutani tusiwasumbue. Muuguzi alikuwa anapita akifungua mmoja baada ya mwingine. Nilitazama nikagundua kwamba wote walifanya jambo moja kwanza. Hakuna aliyetazama dirishani wala aliyemtazama muuguzi. Kila aliyefunguliwa alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akatazama upande wa pili. Nilijikuta nimeshika mkono wa mwanamke nisiyemjua aliyesimama karibu nami, na yeye ameshika wangu.

Muuguzi akafika kwa Pakiteng. Bandeji ikatoka. Akapepesa jicho, likatoa machozi, akapanguswa. Akatazama mikono yake. Vidole viwili bado vilikuwa na weusi kwenye kucha. Akatazama shanga kifuani, akazishika moja moja. Kisha akainua uso na kuanza kututazama sisi wa ukutani, polepole, kutoka mwisho mmoja. Akafika kwangu. Akapita. Akasimama kwa yule mwanamke niliyemshika mkono, mrefu, mzuri, amevaa kitambaa cha kupendeza, na akamtabasamia kwa upendo mwingi.

"Pakiteng," nikasema.

Uso ukarudi. Nikamwona akinitafuta kwa sikio kwanza, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake, halafu jicho likafuata, likafika, likatulia juu yangu. Sikujua cha kufanya na uso wangu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata siku ya harusi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kuja karibu."

Nilienda, muuguzi akanikazia macho, nikapiga magoti mbele ya kiti. Niliinamisha kichwa kwa mazoea ili anigusie, lakini akanishika kidevu na kukiinua.

"Ongea," akasema. "Ongea tu, usinyamaze. Sauti naijua. Hii uso ndio bado."

Basi nikaongea. Sikuwa na la maana, nikamwambia mtoto wake amepiga simu kutoka Namanga alfajiri, nikamwambia ng'ombe wetu anakaribia kuzaa, nikamwambia nimekunywa chai ya hospitali na haina ladha. Yeye alikuwa anautazama mdomo wangu, kisha paji la uso, kisha anarudi mdomoni. Nikifika mahali pa kulia na sauti ikikwama, alinigonga bega kwa vidole vile vyeusi, nikaendelea.